Mbwa wa Kulinda Nyumba na Utunzaji Wake katika Ufipa

Wasomaji wetu wa Ufipa hawahitaji kuambiwa mbwa ni nini. Kutoka Namanyere mpaka Laela, na kutoka Matai mpaka vijiji vilivyo chini ya milima ya Mbizi, ni taabu kupita njiani jioni usibwekewe. Lakini katika hao wanaobweka ni wachache walio na mwenyewe hasa, maana yake mtu anayejua mbwa wake alizaliwa lini, amekula nini leo, na kama amechanjwa. Wengi huitwa mbwa wa fulani kwa sababu tu hulala karibu na jiko la fulani. Leo twataka kueleza habari za mbwa afugwaye makusudi ili amlinde mtu na nyumba yake, maana wanaomtaka mbwa wa namna hiyo ni wengi, na wengi wao wakisha kumpata humharibu.

Sababu ya kumtaka yaeleweka. Mali ya mkulima wa uwanda huu hailali ndani ya sanduku. Mahindi yake yako ghalani, mbuzi wako zizini, na huenda ana jozi moja ya maksai wa kulimia, ambao wakiibwa mwezi wa Novemba, mvua zinapoanza, kilimo cha mwaka mzima kimekwenda nao. Tena usiku wa Ufipa ni wa baridi, hasa Juni na Julai, kwa kuwa Sumbawanga iko juu kadiri ya mita 1,800 toka usawa wa bahari. Watu hufunga milango mapema, na mtu aliyejifunika blanketi mbili hasikii upesi mlango wa zizi ukifunguliwa. Mbwa husikia.

Basi neno la kwanza ni hili: kazi ya mbwa mlinzi ni kutoa habari. Mwizi hupenda kimya kuliko giza. Mbwa akibweka, mwenye nyumba huamka, na jirani naye huamka, na aliyekuja kwa siri hujiendea zake. Kuuma ni jambo la mwisho, na katika nyumba nyingi halihitajiwi kabisa mwaka hata mwaka. Hapo ndipo watu wakoseapo. Hutafuta mbwa mkali, na wasipompata hujaribu kumfanya mkali kwa nguvu. Wengine humfungia gizani mchana kutwa, wengine humpiga, wengine humnyima chakula wakidhani njaa itamkesha. Twasikia pia habari za watu wanaomlisha mbwa pilipili, au bangi, au nyigu, ili ukali wa vitu hivyo uingie katika damu yake. Pilipili humchoma matumbo, na bangi humlewesha akalala wakati ule ule mwizi apitapo. Nyigu wakiwa hai huweza kumwuma kooni akavimba akakosa pumzi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichopata kumfundisha mbwa kumtambua mwizi.

Mbwa aliyelelewa hivyo huwa mwoga aumaye. Naye mwoga hamwumi mwizi, humwuma aliye karibu: mtoto amleteaye maji, shangazi aliyekuja kusalimu, jirani aliyekuja kuazima jembe. Na usiku mwizi akimtupia kipande cha nyama, mbwa mwenye njaa hunyamaza akala. Hata mbwa wa polisi hawafundishwi kwa njia hiyo. Jeshi la Polisi la Tanzania lina Kikosi cha Farasi na Mbwa, na mahali popote duniani mbwa wa polisi afundishwapo vema hufundishwa neno la kuacha kwa bidii ile ile ya neno la kukamata. Asiyejua kuacha hafai kazi.

Na watu huuliza, ni mbwa wa kabila gani anayefaa? Wenye uwezo mjini hupenda yule mbwa mkubwa wa Kijerumani, mwenye masikio ya kusimama, ambaye kabila lake liliwekwa katika daftari na Max von Stephanitz na wenzake mwaka 1899. Ni mbwa mwenye akili sana, na baridi ya Ufipa haimsumbui. Lakini hula chakula kingi, huhitaji kutembezwa na kufundishwa kila siku, na mara nyingi huingiwa na ugonjwa wa nyonga. Akifungwa tu langoni bila kazi huwa kama tulivyoeleza hapo juu. Sisi twaona kwamba kwa mtu wa kijijini mbwa wa kienyeji humtosha kabisa. Masikio yake ni makali, huvumilia, na akilishwa vizuri hufanya mwili kuliko wenyewe wanavyodhani. Wengi humdharau kwa kuwa hawajapata kumwona ameshiba.

Ukitaka mtoto wa mbwa, nenda ukamtazame mama yake kwanza. Kama mama humwuma mwenyewe, au hujificha kila amwonapo mtu, acha. Nenda nyumba nyingine. Katika watoto usimchague yule anayewapiga wenzake, wala yule aliyejikunyata pembeni, bali anayekuja mwenyewe kukunusa mkono. Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kisha ujue kwamba mtoto wa mbwa hujifunza walio wake na wasio wake katika miezi mitatu ya kwanza hasa. Katika siku hizo na azoee watoto wa nyumbani, wazee, ng'ombe, baiskeli, pikipiki, na wageni waingiao kwa mlango. Mtu aweza kudhani kwamba mbwa aliyezoea wageni hatabweka. Sivyo. Ni yeye hasa ajuaye tofauti ya mgeni apigaye hodi mchana na mtu apitaye nyuma ya ghala usiku wa manane. Asiyezoea watu huwabwekea wote sawasawa, na mwisho wenye nyumba huacha kuamka.

Mpe jina fupi, na nyumba nzima imwite kwa jina hilo moja. Mfundishe kuja akiitwa, kukaa, kunyamaza akiambiwa, na kuachia kitu alichokiuma. Dakika chache asubuhi na chache jioni zatosha, na akifanya vema mpe kipande kidogo cha dagaa na sifa njema. Fimbo haisaidii, kwa maana mbwa apigwaye akija hujifunza kutokuja. Tena mzoeze kula katika chombo chake mwenyewe, kutoka mkono wa watu wa nyumbani wawili au watatu, na umzuie kila anapookota kitu njiani. Kazi hii yachukua miezi, lakini wezi wengi hutumia sumu ndani ya nyama, na mbwa aliyezoea kuokota hataiona asubuhi.

Kuhusu kumfunga, kamba fupi shingoni mchana kutwa huharibu mbwa mwili na tabia. Kama ua si imara, tandaza waya kati ya miti miwili, tia pete katika waya, na mnyororo ufungwe katika pete ile. Hapo mbwa aweza kutembea huko na huko bila kutoka. Mkanda wa shingoni uwe wa ngozi au kitambaa kipana, vidole viwili vipite chini yake. Tumeona wenyewe mbwa waliofungwa kwa waya mtupu mpaka ukazama katika nyama, na mwenyewe akashangaa kwa nini mbwa wake hataki kuguswa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama, na mbwa ni mnyama katika sheria hiyo. Usiku afunguliwe ndani ya ua. Na apate kibanda chake, sakafu iinuliwe juu ya ardhi kwa mbao au fito, nyasi kavu ziwekwe ndani na kubadilishwa kila wiki kwa ajili ya viroboto, na mlango usielekee upande utokao upepo. Mbwa atetemekaye usiku kucha hasikilizi kitu ila meno yake.

Chakula ndilo jambo linalosemwa kuwa gharama, nalo kwa kweli si kubwa kama watu wanavyoogopa. Ugali peke yake hujaza tumbo, haujengi mwili. Tia dagaa waliosagwa, ambao kwetu hupanda toka Kirando, Kipili na Kasanga katika ziwa Tanganyika. Au maharagwe yaliyoiva sana, au damu na matumbo ya mnyama yaliyochemshwa. Mpe mara mbili kwa siku, na maji safi yawepo daima. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa maana huvunjika kama miiba ikamtoboa ndani. Vitunguu navyo ni sumu kwake.

Tumesema matumbo yachemshwe, na neno hilo lina sababu kubwa. Katika mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe mara nyingine huonekana mifuko ya maji. Mchinjaji huikata na kumtupia mbwa. Ndani yake mna mbegu za tegu mdogo ambaye hukomaa katika utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka kwa mavi, yakashika manyoya na mikono ya watoto. Mtu akiyameza, mifuko ile ile humea katika ini lake, na huenda isionekane miaka mingi mpaka tumbo livimbe. Katika nchi ya Turkana, kaskazini ya Kenya, ambako watu na mbwa huishi pamoja sana, ugonjwa huu ulionekana kwa wingi kuliko karibu mahali pote duniani. Basi viungo vyenye mifuko vichomwe moto au vizikwe chini sana, mbwa apewe dawa ya minyoo mara kwa mara kama aelezavyo Bwana Mifugo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Kupe wamtafute kila jioni masikioni na katikati ya vidole. Na mwenye kushuka na mbwa wake bonde la Rukwa au pande za Katavi penye mbung'o ajue kwamba ndorobo humwua mbwa upesi kuliko ng'ombe. Dalili yake ni homa na kukonda, na mara nyingi jicho hufanya utando wa rangi ya maziwa au buluu. Hapo hakuna kungoja.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeandika habari hii, nalo ni kichaa cha mbwa. Si ugonjwa mgeni kwetu. Ulikwisha kujulikana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika tangu miaka ya 1930. Duniani hufa watu kadiri ya 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote wakiupata kwa mbwa. Na hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2002 ilikadiria kwamba Tanzania peke yake hufiwa na watu kama 1,500 kwa mwaka. Watoto ni wengi sana katika wanaoumwa, kwa sababu wao ndio wachezao na mbwa, na kimo chao huleta uso karibu na meno.

Ugonjwa huu hukaa katika mate. Ukiingia katika jeraha husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kufika katika ubongo. Aghalabu hukaa mwezi mmoja mpaka mitatu bila dalili, na mara nyingine mwaka. Jeraha limepona, watu wamesahau. Kisha mahali pale huanza kuwasha au kuuma, homa huja, mgonjwa huona kiu lakini akiletewa maji koo lake hujikaza kwa hofu, hata upepo wa mlango humshtua. Dalili zikisha kuonekana hakuna dawa, wala hospitali ya hapa wala ya Ulaya. Kwa kuwa kuumwa ni jambo la zamani na hofu ya maji ni ajabu, wengi husema amelogwa. Jina la Sumbawanga lenyewe, kama wazee waelezavyo, maana yake ni tupa uchawi. Nasi twaomba utupwe hasa katika jambo hili, kwa sababu siku zinazopotea kwa mganga ndizo siku ambazo chanjo ingemponya.

Mbwa mwenye kichaa hana sura moja. Yupo yule ajulikanaye na wote, atokaye povu, akimbiaye ovyo, aumaye miti na mawe na kila akutanaye naye. Lakini yupo wa pili, naye ndiye ahadaaye watu. Huyu hunyamaza, hujificha mahali pa giza, taya lake la chini huanguka, mate humtoka, sauti hubadilika, na kumeza hawezi. Mwenyewe humwonea huruma, hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani autoe. Tafadhali msomaji ukumbuke jambo hili siku mbwa wako akishindwa kumeza. Kwa jumla tabia ikigeuka ghafula, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole mno, jitenge naye, watenge watoto, ukampashe habari Bwana Mifugo. Mbwa wa namna hiyo hufa katika siku 10 hivi tangu dalili kuanza.

Mtu akiumwa, au akirambwa penye mkwaruzo, kitu cha kwanza ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Ni muda mrefu kuliko mtu anavyodhani, saa itazamwe. Lisipakwe mavi ya ng'ombe, wala mafuta ya taa, wala majani. Kisha aende kituo cha afya siku ile ile akaeleze kwamba ameumwa na mbwa. Huenda chanjo isiwepo katika zahanati ya kijiji. Basi asirudi nyumbani, aendelee mpaka hospitali ya wilaya au ya mkoa. Chanjo hii hudungwa mara kadhaa katika siku zilizopangwa, wala asiache katikati kwa kuwa anajiona mzima. Nguvu yake yajulikana tangu Julai 1885, wakati Louis Pasteur mjini Paris alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi akawa mtu mzima.

Na mbwa aliyeuma afanywe nini? Desturi ya watu ni kumpiga mawe mpaka afe, na hasira yao haishangazi. Lakini mbwa anayeonekana mzima afungwe mahali salama, alishwe, atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, yajulikana kwamba mate yake hayakuwa na ugonjwa siku alipouma, na daktari aweza kuamua kama sindano ziendelee. Akifa au akiuawa, habari ipelekwe ili kichwa chake kipimwe na wajuao kazi hiyo. Mtu mwingine asimchune wala asimpasue. Matibabu ya mtu yasingoje siku hizo 10 hata kidogo. Huanza kwanza, kutazama mbwa huendelea.

Dawa ya mambo haya yote ni sindano moja ya mbwa, tangu akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Imethibitika kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Katika vijiji vilivyo kando ya Serengeti kazi hiyo ilianza miaka ya 1990, si kwa ajili ya watu tu bali hata kwa mbwa mwitu walioangamia huko. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji tangu mwaka 2010, na ugonjwa ukaondoka mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje, chanjo ikafanywa upya, na kufika 2018 ulikwisha komeshwa mara ya pili. Pemba ni kisiwa, nasi tuna mpaka mrefu na Zambia na magari yapita Kasesya usiku na mchana. Basi kwetu kazi haiwezi kuwa ya mwaka mmoja.

Jambo jingine lenye kusaidia ni kuhasi dume na kumfunga uzazi jike kwa mkono wa daktari wa wanyama. Jike huchukua mimba siku 63 hivi, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wasiotakiwa hutupwa sokoni, na ndio mbwa koko wa mwaka ujao, wasio na mtu wa kuwapeleka chanjo. Dume aliyehasiwa haachi kubweka wala kulinda, ila huacha kuzurura usiku akifuata majike na kurudi na majeraha ambayo hujui ameyapata kwa nani.

Siku ya chanjo hutangazwa mbele na ofisi ya kijiji au ya kata, na mahali pengi hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo duniani kote ni siku ya kichaa cha mbwa. Mbwa aletwe na mtu mzima anayejuana naye, siyo mtoto mdogo. Awe katika kamba imara, na kila mbwa awe na kamba yake, maana mbwa wawili katika kamba moja hupigana mbele ya sindano. Mwenye mbwa aumaye afunge kinywa chake kwa kitambaa kabla ya kufika penye watu, wala asimwache nyumbani kwa aibu, kwa kuwa huyo ndiye atakiwaye kuliko wote. Cheti kitakachotolewa kiwekwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba, mahali ambapo mama wa nyumba na watoto wakubwa wapajua, kwa sababu siku mbwa atakapomkwaruza mtu, ndicho kitakachoulizwa kwanza.